Viza Huanzia Dzaleka: Ushauri kwa Kijana Anayetaka Kusoma Ng'ambo

Kila mwaka matokeo ya MSCE, mtihani wa kumaliza sekondari, yakitoka, swali huwa lile lile katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, kwenye vibaraza vya nyumba na ndani ya minibasi za kwenda Lilongwe: "Nifanyeje nipate viza nikasome nje?" Anayeuliza mara nyingi ameshachagua nchi. Mmoja anataka Kanada kwa sababu binamu yake yuko huko. Mwingine anataka Marekani. Wa tatu anataka Ujerumani kwa kuwa amesikia vyuo vingi vya serikali huko havitozi ada. Ukimuuliza kuhusu hati ya kusafiria, ananyamaza. Ukimuuliza jina lake limeandikwaje kwenye faili la UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, anasema ataenda kuangalia.

Makala hii ni kwa ajili ya kijana huyo, na kwa ajili ya mzazi wake ambaye yuko tayari kuuza alichonacho ili mtoto asome. Ninalo neno moja kubwa la kuwaambia: msianze na nchi, anzeni na makaratasi. Ofisa wa ubalozi hamjui mwombaji, hajui alivyoamka usiku kusoma kwa taa ya simu, wala hajui walimu wake walivyomsifu. Anachokijua ni karatasi zilizo mbele yake. Kwa mkimbizi, karatasi hizo huchukua muda mrefu kuliko kutafuta chuo, na zikianza kushughulikiwa baada ya barua ya udahili kufika, mara nyingi muhula huanza mwenyewe akiwa bado kwenye foleni.

Jua umesimama wapi kisheria

Dzaleka ilifunguliwa kuwa kambi mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza enzi za Rais Kamuzu Banda. Ilipangwa kupokea watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kati ya hao wamo ambao wameshatambuliwa kuwa wakimbizi, na wamo ambao bado ni waombaji hifadhi, wanaosubiri uamuzi miaka nenda rudi. Katika maisha ya kila siku tofauti hiyo haionekani: maji ni yale yale, soko ni lile lile. Kwenye suala la kusafiri ndiyo tofauti inayoamua kila kitu.

Kifungu cha 28 cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 kinaitaka nchi ya hifadhi impe mkimbizi anayeishi kihalali ndani yake hati ya kusafiria. Haki hiyo ni ya aliyetambuliwa. Kwa hiyo kabla hujafungua tovuti ya chuo chochote, nenda ukaulize faili lako limefikia wapi. Kama bado wewe ni mwomba hifadhi, kazi yako ya kwanza ni kufuatilia uamuzi huo kwa upole na bila kuchoka, ukiandika tarehe ya kila ulipokwenda na jibu ulilopewa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kesi ya mkimbizi nayo inataka daftari.

Ukishatambuliwa, ulizia hati ya kusafiria mapema, hata kama huna chuo bado. Ombi hupitia ofisi ya serikali inayoshughulikia wakimbizi, na hati yenyewe hutolewa na Idara ya Uhamiaji. Usidhani itatoka kwa wiki mbili. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mfumo wa kuchapisha pasipoti ulipokwama nchini, hata raia wa Malawi walikaa wiki kadhaa bila kupata pasipoti. Kama mwenye nchi alisubiri, mgeni ajipange kusubiri zaidi.

Kuna mambo mawili ya hatari hapa. La kwanza ni kwenda kuomba pasipoti kwenye ubalozi wa nchi uliyoikimbia, kwa sababu mtu amekuambia ni njia ya mkato. Kifungu cha 1C cha mkataba ule ule kinasema mkimbizi anayejirudisha mwenyewe chini ya ulinzi wa nchi yake anaweza kupoteza hadhi ya ukimbizi, na kuchukua pasipoti ya nchi hiyo huweza kuhesabiwa kuwa ni kujirudisha. Usiiguse njia hiyo kabla hujazungumza na mwanasheria au ofisa wa ulinzi wa UNHCR. La pili ni kununua pasipoti ya Malawi. Ni kosa la jinai, na alama za vidole ulizotoa kwenye usajili wa ukimbizi zinaweza kukufichua mbele ya safari.

Jina moja, tarehe moja

Makaratasi mengi ya vijana wa Dzaleka huharibikia kwenye jina. Tuseme kijana alizaliwa Uvira, na kwenye cheti cha shule ya msingi aliandikwa Bahati Amisi Jean, kwa mpangilio wa Kikongo: jina, jina la pili, kisha la ubatizo. Alipofika Malawi aliyemsajili akaandika Jean Bahati, kwa sababu fomu ilikuwa na nafasi mbili tu. Alipojiandikisha kwa mtihani wa MSCE, mwalimu akaandika Bahati Hamisi, kama alivyolisikia. Sasa huyo ni mtu mmoja mwenye majina matatu. Mwenyewe haoni tatizo, maana wote hao ni yeye. Ofisa wa viza anaona watu watatu.

Tarehe ya kuzaliwa nayo hupotea hivyo hivyo. Familia nyingi zilifika bila cheti chochote, na watoto wakaandikiwa tarehe 1 Januari kwa mwaka wa kukadiria. Baadaye kijana anapata cheti chake cha kuzaliwa kutoka nyumbani, chenye tarehe ya kweli, na anakifurahia. Anaanza kukitumia kwenye fomu za chuo, huku hati ya kusafiria ikisema 1 Januari. Hapo ameshajitengenezea maswali.

Fanya hivi. Chukua karatasi zako zote: karatasi ya usajili wa UNHCR, kitambulisho, cheti cha MSCE, ripoti za shule, cheti cha ubatizo au cha madrasa kama kipo, kadi ya kliniki. Zitandaze mezani. Chora jedwali kwenye daftari, na kwa kila karatasi andika jina lilivyo herufi kwa herufi, tarehe ya kuzaliwa, mahali pa kuzaliwa, jina la baba na jina la mama. Utaona mwenyewe penye mgongano. Kisha amua karatasi ipi ndiyo msingi. Kwa mkimbizi, msingi huwa ni usajili wake, kwa kuwa hati ya kusafiria itafuata usajili huo. Kama usajili una kosa, omba lisahihishwe kabla hati haijachapishwa. Kama kosa liko kwenye cheti cha mtihani, wasiliana na MANEB, baraza la mitihani la Malawi, kupitia shule yako. Lile lisiloweza kusahihishwa litengenezee hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo, ikieleza kuwa majina hayo ni ya mtu mmoja na kwa nini yalitofautiana. Kuanzia siku hiyo, kila fomu utakayojaza, hata ya akaunti ya barua pepe, itumie jina lile lile kwa mpangilio ule ule.

Vyeti vilivyobaki nyuma

Aliyesoma Malawi ana nafuu, kwa sababu MANEB ipo na rekodi zake zipo. Aliyemaliza sekondari Kongo ana kazi ya ziada. Diplôme d'État, cheti cha kumaliza sekondari huko, huchelewa kutolewa, na wengi waliondoka wakiwa na karatasi ya matokeo tu, au bila chochote. Tangu Goma na Bukavu zilipotekwa na waasi wa M23 mwezi Januari na Februari 2025, kupata karatasi kutoka ofisi za huko kumekuwa kugumu zaidi. Ukiwa na ndugu Kinshasa, jaribu kupitia huko. Ukimpata mwalimu mkuu wako wa zamani, mwombe barua yenye mhuri inayoeleza ulisoma miaka gani na ulimaliza darasa gani.

Vyeti vya Kifaransa vinahitaji tafsiri ya mtu anayetambulika kisheria, yenye sahihi, mhuri na anwani yake. Tafsiri ya rafiki anayejua Kiingereza vizuri haitakubaliwa. Tafsiri ikishakamilika, isome wewe mwenyewe neno kwa neno kabla hujalipa, hasa majina na tarehe, maana kosa la mfasiri huhesabiwa kuwa lako.

Chagua njia kabla ya kuchagua nchi

Sasa ndipo tuzungumze kuhusu nchi. Viza ya mwanafunzi ya kawaida ilitungwa kwa ajili ya mtu mwenye kwao, anayekwenda kusoma na kurudi. Sheria ya Marekani humchukulia kila mwombaji wa viza ya mwanafunzi, F-1, kuwa anakusudia kuhamia moja kwa moja, mpaka athibitishe vinginevyo. Kanada nayo humtaka ofisa aridhike kwamba mwanafunzi ataondoka muda wake ukiisha. Kwa kijana ambaye faili lake linasema hawezi kurudi kwao, huo ni mlima. Ndiyo sababu nakushauri utafute kwanza njia ambazo waliozianzisha walikuwa wanajua kuwa mwanafunzi ni mkimbizi.

Ya kwanza kwa wahitimu wa sekondari ni mpango wa wanafunzi wakimbizi wa shirika la WUSC la Kanada, ulioanza mwaka 1978 na ambao umeshapeleka zaidi ya vijana 2,000 kwenye vyuo vya huko. Malawi ni miongoni mwa nchi ambazo wanafunzi huchaguliwa, na gharama nyingi hubebwa na wanafunzi wa Kanada wenyewe, wanaochangia kidogo kidogo kwenye ada zao kila muhula. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba anayechaguliwa haendi kwa viza ya mwanafunzi. Anakwenda akiwa mkazi wa kudumu, kwa hiyo swali la kurudi halimhusu. Nafasi ni chache na ushindani ni mkali. Wanaangalia alama, Kiingereza na umri, na anayeomba hutakiwa awe hajaoa wala kuolewa. Fuatilia matangazo kambini, soma masharti ya mwaka husika, usitegemee ya mwaka jana.

Ya pili ni kwa mwenye shahada ya kwanza. Mpango wa UNICORE ulianza mwaka 2019 kwa kushirikisha vyuo vikuu vya Italia, UNHCR, Caritas na wengine, na baadaye ukafunguliwa kwa wakimbizi wanaoishi Malawi. Ni wa shahada ya uzamili, masomo hutolewa kwa Kiingereza, na washirika wake humsaidia mwanafunzi kupata viza na kumpokea akifika. Kujua hili kunakusaidia kupanga: ubalozi wa Italia unaohudumia Malawi uko Lusaka, Zambia, kwa hiyo hata kutoa pasipoti au hati yako mkononi ni jambo la kupangwa. Tangazo kwa kawaida hutoka kati ya Machi na Mei. Mwenye hati ya kusafiria mkononi wakati huo ana utulivu wa kuandika ombi zuri.

Ya tatu haikutoi Malawi, nami naiheshimu sana. Jesuit Worldwide Learning imekuwa ikifundisha Dzaleka kwa njia ya mtandao tangu mwaka 2010, na shirika la There Is Hope hufadhili wakimbizi na Wamalawi kusoma kwenye vyuo vya hapa hapa. Msidharau. UNICORE haimchukui asiye na shahada ya kwanza. Aliyeipata hapa ndiye anayeifikia. UNHCR na washirika wake wamejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 asilimia 15 ya vijana wakimbizi wawe kwenye elimu ya juu. Mwaka 2019 walikuwa asilimia 3 tu. Safari hiyo haitakamilishwa na ndege peke yake. Wengi watasoma walipo.

Njia ya nne ndiyo viza ya mwanafunzi ya kawaida, kwa udahili wako mwenyewe na ufadhili wa chuo au wa mtu. Ipo, na wapo walioipata. Lakini kabla hujalipa senti, angalia kama uraia wako umezuiwa. Mwezi Juni 2025 Marekani ilitangaza vizuizi vya kuingia kwa raia wa nchi kadhaa. Viza za wanafunzi kwa Warundi zilisimamishwa, na Wasomali walizuiwa karibu kabisa. Kuwa na hati iliyotolewa na Malawi hakukubadilishi uraia: Mrundi wa Dzaleka bado ni Mrundi kwenye fomu. Masharti hayo hubadilika, kwa hiyo soma tovuti ya ubalozi siku unayotaka kulipa, usisikilize habari za mwaka jana.

Hesabu ya fedha

Watu hukusanya pesa za ada wakasahau pesa za njiani. Kwa Marekani, ada ya viza ya mwanafunzi tangu Juni 2023 ni dola 185, na kabla ya usaili hulipwa dola 350 za SEVIS, mfumo wa kuandikisha wanafunzi wa kigeni. Hizo ni dola 535, na kwa kiwango cha karibu kwacha 1,700 kwa dola zinapita kwacha 900,000, kabla ya nauli, picha na chakula cha siku ya usaili. Tangu kwacha iliposhushwa thamani kwa asilimia 44 mwezi Novemba 2023, na dola kuwa adimu, hata mwenye kwacha mkononi huhangaika kuzipeleka nje. Ulizia njia ya malipo mapema, sio siku ya mwisho.

Uingereza ilipandisha ada ya viza ya mwanafunzi hadi pauni 524 mwezi Aprili 2025, na juu yake kuna pauni 776 za huduma ya afya kwa kila mwaka wa masomo. Mkazi wa Malawi anayekwenda kwa zaidi ya miezi sita hutakiwa pia kupimwa kifua kikuu kwenye kliniki iliyoidhinishwa. Pesa za matumizi zinapaswa kuwa zimekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango. Ujerumani inamtaka mwanafunzi asiye na mfadhili aonyeshe euro 11,904 za mwaka mmoja kwenye akaunti iliyofungwa. Kanada, tangu Septemba 2025, inamtaka asiye na familia aonyeshe dola za Kanada 22,895 za kuishi, mbali na ada na nauli.

Ukizisoma hesabu hizo utaona kwa nini nimetanguliza njia za ufadhili. Familia ya Dzaleka haina euro 11,904. Na hapa ndipo kishawishi kikubwa hujitokeza: kukusanya pesa za majirani, za banki mkhonde (kikundi cha kuweka na kukopa) na za mjomba aliye Afrika Kusini, kuziingiza kwenye akaunti kwa wiki moja, kuchukua taarifa ya benki, kisha kuzirudisha. Ofisa aliyesoma taarifa nyingi za benki hukitambua kitu hicho mara moja. Akaunti iliyokuwa na kwacha 40,000 miezi mitano, halafu ghafla ikawa na mamilioni, haimthibitishii kitu. Kama una mfadhili wa kweli, mwache aonekane: barua yake, taarifa za akaunti yake za miezi sita, ushahidi wa kazi yake, na maelezo ya uhusiano wenu. Pesa ndogo yenye historia inaaminika kuliko pesa nyingi iliyoingia jana.

Siku ya kushuka Old Town

Shughuli nyingi hufanyikia Lilongwe, kama kilomita 45 kutoka kambini, na kwa wengi hufanyikia Old Town, kwenye steshenari, studio za picha na maduka ya intaneti yaliyo karibu na soko na depo ya mabasi. Malawi bado ina sera ya kuwataka wakimbizi wakae kambini. Serikali ilitoa agizo mwezi Machi 2023, na kuanzia tarehe 17 Mei mwaka huo polisi waliwakusanya wakimbizi Lilongwe na kuwarudisha Dzaleka. Kwa hiyo usishuke mjini bila kitambulisho na kibali cha kutoka, na beba pia barua ya miadi ya ubalozi au ya chuo. Ukiulizwa, karatasi hiyo inasema shughuli yako ni nini.

Kwenye studio, mwambie mpiga picha unakwenda ubalozi wa nchi gani. Marekani inataka picha ya mraba, sentimita 5 kwa 5, bila miwani. Uingereza na nchi za Schengen ni milimita 35 kwa 45. Mpiga picha anayesema "zote ni sawa" atakupotezea siku.

Kwenye kompyuta, kuna adabu zake. Fomu ya Marekani, DS-160, hufunga yenyewe usipoigusa kwa kama dakika 20, na umeme wa Old Town hauna mkataba na wewe. Mara tu ukurasa wa kwanza unapokupa namba ya ombi, iandike kwenye daftari pamoja na jibu la swali la siri, maana bila hivyo hutaweza kuendelea ulipoishia. Andaa majibu yote kwenye karatasi ukiwa nyumbani: anwani, shule ulizosoma na miaka yake, majina ya wazazi. Hifadhi kila ukurasa. Ukimaliza, toka kwenye akaunti yako, futa faili ulizopakua kwenye kompyuta ya watu, na usimwachie mwenye duka nakala ya hati yako.

Kisha kuna wakala. Wapo watu waaminifu wanaosaidia kujaza fomu kwa malipo madogo, na hilo si kosa. Lakini mjue anayekudanganya kwa dalili hizi. Anasema ana mtu wake ndani ya ubalozi. Anaahidi viza kwa asilimia mia. Anataka kukaa na hati yako. Anatumia barua pepe yake badala ya yako, hivyo majibu ya chuo na ya ubalozi yanakwenda kwake, na siku mkigombana huna ombi tena. Anakuletea barua ya benki au ya udahili ambayo hukuiomba mwenyewe. Na anayedai malipo ili akuingize WUSC, UNICORE au orodha yoyote ya UNHCR ni tapeli, bila kumung'unya maneno: maombi hayo ni ya bure.

Fungua barua pepe yako mwenyewe, yenye jina lako kamili, na neno la siri ujue wewe peke yako. Hata kama mtu anakusaidia kuandika, wewe ndiye unayebonyeza kitufe cha kutuma, na wewe ndiye unayesaini kwamba yote yaliyomo ni kweli.

Swali la kurudi

Usaili wa ubalozi ni mfupi, mara nyingi dakika chache tu. Ofisa atataka kujua mambo matatu: kwa nini chuo hiki na somo hili, nani analipa, na baada ya masomo utafanya nini. Mawili ya kwanza yajibu kwa mambo mahususi. Usiseme "ni chuo kizuri". Sema kozi inafundisha nini usichokipata Malawi, na kwa nini unakihitaji. Fanya mazoezi ya Kiingereza na mwenzako, kwa sauti, mpaka uweze kueleza bila kukariri. Aliyekariri hukwama ofisa anapobadilisha swali.

Swali la tatu ndilo huwatoa jasho wakimbizi. Mwingine hujibu, "Nitarudi Kongo kuijenga nchi yangu." Ni maneno mazuri, lakini faili lake linasema hawezi kurudi Kongo. Amejipinga mwenyewe ndani ya sentensi moja. Mwingine anaahidi lolote ambalo anadhani ofisa anataka kulisikia.

Jibu la kweli lipo, na lina nguvu ya kisheria. Kiambatanisho cha Mkataba wa 1951, aya ya 13, kinaifunga nchi iliyotoa hati ya kusafiria impokee tena mwenye hati hiyo wakati wowote inapokuwa hai. Kwa maneno mengine, mkimbizi mwenye hati halali ya Malawi ana mahali pa kurudi: Malawi. Sema hivyo ikiwa ndiyo nia yako. Eleza kilichopo huku: wazazi, wadogo zako, mradi mnaouendesha, kazi unayoifanya shuleni. Ila angalia tarehe. Aya ya 5 ya kiambatanisho hicho inaruhusu hati itolewe kwa mwaka mmoja au miwili tu, na kozi ya miaka minne itaipita. Uliza mapema hati itahuishwaje ukiwa nje, na uwe na jibu.

Usidanganye hata kwa jambo dogo. Usifiche ndugu aliyehamishiwa Marekani, usifiche viza uliyonyimwa huko nyuma, usipunguze umri. Njia ya mwongo ni fupi, na katika viza adhabu yake ni ndefu: Kanada humfungia aliyedanganya miaka 5, Uingereza inaweza kumfungia miaka 10, na Marekani inaweza kumzuia maisha.

Wakikunyima

Wengi hunyimwa mara ya kwanza. Soma barua ya kukataliwa pole pole, mtafute mtu anayejua Kiingereza cha sheria akusaidie, na utafute sababu iliyoandikwa, sio ile unayoihisi. Uingereza inakupa siku 28 za kuomba uamuzi upitiwe upya kama kuna kosa la kisheria au la hesabu. Marekani haina rufaa kwa kukataliwa kwa sababu ya nia ya kuhamia, lakini unaweza kuomba tena kwa kulipa upya. Kabla ya kulipa, jiulize kitu gani kimebadilika. Kama karatasi ni zile zile, jibu litakuwa lile lile, na pesa za wazazi zitakuwa zimekwenda. Pia mwandikie chuo uombe nafasi yako isogezwe mwaka mmoja mbele; vyuo vingi hukubali kwa anayeomba mapema na kwa heshima.

Ratiba ninayoipendekeza ni hii. Miaka miwili kabla ya muhula: hadhi ya ukimbizi, jina na tarehe, vyeti. Mwaka mmoja na nusu kabla: ombi la hati ya kusafiria, na mtihani wa Kiingereza ukiwa tayari kuufanya. Mwaka mmoja kabla: maombi ya chuo na ufadhili. Miezi sita kabla: pesa zikae kwenye akaunti zikiwa na historia yake. Miezi mitatu hadi minne kabla: viza. Anayefuata mpangilio huo hatafika ubalozini akihema.

Wazazi, msiuze mashine ya kushona wala kibanda cha biashara kwa ajili ya ombi ambalo karatasi zake hazijakamilika. Walimu wa sekondari za Dzaleka, wafundisheni wanafunzi kulinganisha majina yao kabla ya kujiandikisha kwa mtihani wa MSCE, maana kosa la siku hiyo humfuata mtoto hadi dirisha la ubalozi. Nawe kijana, wiki hii usitafute chuo. Chukua daftari, tandaza makaratasi yako, na andika jina lako lilivyo kwenye kila moja. Kazi yako ya viza imeanza hapo.